Kuishi Japani: mwongozo kwa mgeni anayetoka Afrika Mashariki

Mgeni anayehamia Japani akitokea Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hutegemea kusumbuliwa na lugha, baridi na chakula, na kweli mambo hayo matatu yanasumbua. Hata hivyo, kinachowachelewesha wengi kuizoea nchi ile ni jambo jingine. Kwetu ujirani hujengwa kwa maneno, kwa salamu ndefu na kuulizana habari za nyumbani, ilhali kule hujengwa kwa kuonekana. Mtu huaminika kwa sababu ametoa taka zake siku iliyopangwa, amelipa bili kwa tarehe yake, amefika kazini kabla ya saa, na ameyarudia hayo mwezi baada ya mwezi mbele ya watu wale wale. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mfanyakazi au mwenza aliyeifuata familia, ambaye atakaa kwa zaidi ya miezi mitatu, na ushauri wake mkuu ni kwamba uweke sawa makaratasi na mazoea ya mtaani tangu mwanzo, kwa kuwa uhusiano na watu hupitia humo, ingawa kwa mwendo wa polepole kuliko uliouzoea.

Makaratasi ya wiki mbili za kwanza

Mwenye viza ya muda mrefu anayeshukia uwanja wa ndege wa Narita, Haneda au Kansai hupewa kadi ya ukaazi papo hapo kwenye dirisha la uhamiaji. Kila mgeni aliyetimiza miaka 16 anatakiwa kisheria kutembea na kadi hiyo wakati wote na kumwonyesha polisi akiihitaji, na asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 200,000. Kwa hiyo usiifungie kabatini kwa kuogopa kuipoteza. Ndani ya siku 14 tangu upate mahali pa kuishi, ipeleke kwenye ofisi ya manispaa ya eneo lako ili anwani yako iandikwe nyuma yake. Ukihamia manispaa nyingine, utaiarifu ofisi ya zamani kwamba unaondoka na ofisi mpya kwamba umefika, na taarifa hiyo ya pili nayo ina siku 14.

Siku ya kwenda manispaa jitengee asubuhi nzima. Utachukua namba mlangoni, utakaa, utaitwa, utajaza fomu, kisha utaelekezwa dirisha jingine kwa ajili ya bima ya afya na jingine tena kwa ajili ya pensheni, kila moja likiwa na namba zake na foleni yake. Maofisa huwa wavumilivu kiasi cha kutia moyo, na miji mingi ina mkalimani wa kwenye simu, lakini kwa kawaida wao hushughulikia kile ulichokiomba. Usipouliza habari za punguzo la michango, unaweza kuondoka bila kulisikia. Andika maswali yako kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani.

Kila anayekaa zaidi ya miezi mitatu lazima awe kwenye bima ya afya ya umma, ama ya mwajiri ama ya manispaa, na kwa bima hiyo mtu mzima hulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu. Unapougua, anza na kliniki ndogo ya mtaani, kwa sababu hospitali kubwa humtoza mgonjwa asiye na barua ya rufaa ada ya nyongeza isiyopungua yeni 7,000. Pensheni ya taifa nayo inawahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 20 hadi 59, wageni wakiwemo. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kuahirishiwa michango, na ombi hilo hurudiwa kila mwaka. Mfanyakazi aliyechangia miezi sita au zaidi kisha akahama nchi anaweza kudai arejeshewe sehemu ya michango yake, mradi aombe ndani ya miaka miwili tangu kuondoka.

Jina lako linahitaji uangalifu wa pekee. Kadi ya ukaazi hufuata pasipoti, lakini benki, kampuni ya simu na hospitali hutaka pia jina lako kwa herufi za katakana, ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni, na hapo ndipo mkanganyiko huanza. Jina kama Mwanaidi linaweza kuandikwa «Muwanaidi» na karani mmoja na «Muanaidi» na mwingine, na kompyuta ya benki ikaona watu wawili tofauti, hata pesa ulizotumiwa zikakataliwa na kurudi zilikotoka. Chagua tahajia moja siku ya kwanza, mwombe mwenyeji akuthibitishie kwamba inasomeka vizuri, iandike kwenye kikaratasi ndani ya pochi, na uitumie hiyo hiyo kila mahali. Andika jina lako pia kwenye sanduku la barua la nyumba yako, kwani barua za serikali, pamoja na ile inayokuletea namba ya utambulisho yenye tarakimu 12, zinaweza kurudishwa kama mpeleka barua hana hakika kwamba unaishi hapo.

Benki huomba namba ya simu, na kampuni nyingi za simu huomba akaunti ya benki au kadi ya malipo. Wengi hujinasua kwa kutafuta kwanza kampuni ya simu inayokubali malipo ya taslimu kwenye maduka ya saa 24, kisha wakaenda benki na namba hiyo. Mgeni ambaye hajatimiza miezi sita na hana mwajiri nchini huhesabiwa na benki kuwa si mkazi, kwa hiyo benki nyingi kubwa humkataa au humwekea mipaka. Benki ya Posta ya Japani kwa kawaida ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza.

Lipo deni moja linalowashtua wafanyakazi wengi katika mwaka wao wa pili. Kodi ya wakazi hukokotolewa kutokana na kipato cha mwaka uliotangulia, na hudaiwa kuanzia Juni kwa kila aliyekuwa na anwani nchini tarehe 1 Januari. Mwaka wa kwanza huna kipato cha nyuma kilichopatikana Japani, hivyo huna cha kulipa, nawe unapanga maisha na kutuma pesa nyumbani kwa kutazama mshahara wote. Mwaka unaofuata kodi inaingia na, kwa aliye kwenye bima ya manispaa, mchango wa bima unapanda nayo. Weka akiba tangu mshahara wa kwanza, na waeleze mapema walio nyumbani kwamba kiasi unachotuma kitapungua. Idara ya uhamiaji hutazama malipo hayo unapoomba kuongezewa muda wa kuishi, na ombi lenyewe unaweza kulipeleka kuanzia miezi mitatu kabla muda haujaisha.

Kupanga nyumba

Kupanga chumba kupitia dalali hudai pesa nyingi za mwanzo: amana, malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hayarudishwi, ada ya dalali, bima ya moto na ada ya kampuni ya udhamini, ambazo pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza mara nyingi hufikia kodi ya miezi minne au mitano. Chumba chenyewe hukabidhiwa kitupu, pengine bila hata taa za dari wala jiko. Na lazima tuseme ukweli kwamba wenye nyumba wengine huwakataa wageni waziwazi. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliofanyika mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu wanne katika kila kumi wa wageni waliotafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Jambo hilo linaumiza, na hakuna sababu ya kulifunika. Kuna njia ya kulipunguza makali: nyumba za shirika la umma la UR hazidai malipo ya shukrani, ada ya dalali wala mdhamini, na mgeni mwenye hadhi halali ya ukaazi na kipato kinachotakiwa hupangishwa kama mwenyeji. Mwanafunzi aulize kwanza mabweni ya chuo, na mwajiriwa aulize kama kampuni inaweza kusaini mkataba kwa jina lake.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila mkwaruzo ukutani na kila doa sakafuni, na uzihifadhi hadi siku ya kuhama, kwa kuwa ndizo zitakazoamua ni kiasi gani cha amana kitarudi. Soma pia idadi ya watu walioandikwa kwenye mkataba. Kwetu ndugu au rafiki akifika mjini hupewa kona ya kulala hata kwa miezi mitatu, wala hakuna anayeomba ruhusa ya mwenye nyumba. Japani kumlaza mtu asiyeandikwa kwa wiki nyingi ni kuvunja mkataba, na majirani wataliona mapema. Ukarimu huo hauna haja ya kufa. Mpokee mgeni wako kwa siku chache, na kama atakaa zaidi, iarifu kampuni inayosimamia jengo kabla hajafika.

Kizingitini vua viatu kabla ya kukanyaga sakafu iliyoinuka, uvigeuze vitazame mlango, na usiingie na ndala za chooni sebuleni. Hayo utayajua ndani ya siku mbili. Ugumu mkubwa zaidi wa nyumba za Japani ni kwamba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima wala dari nene, hivyo mwezi Januari chumba cha Tokyo kinaweza kuwa na baridi ya kuumiza vidole. Nunua blanketi la umeme kabla ya Desemba. Wakati wa mvua za Juni na Julai, kunja godoro la sakafuni kila asubuhi na ufungue kabati, la sivyo ukungu utaota chini yake.

Taka, kelele na majirani

Mahali ambapo mtaa utakuhukumu upesi zaidi ni pale kwenye kituo cha taka. Kwa kawaida ni kona ndogo kando ya barabara, yenye kibao kinachotaja siku na wavu mzito wa kufunikia mifuko ili kunguru wasiitoboe. Taka zinazoungua huchukuliwa siku fulani, mara nyingi mbili kwa wiki. Plastiki siku nyingine. Chupa, makopo na karatasi kila aina kwa siku yake. Mgawanyo hubadilika kutoka mji hadi mji, na baadhi ya miji hukubali tu mifuko yake maalumu inayouzwa madukani, kwa hiyo kalenda ya taka unayopewa manispaa ibandike ukutani jikoni, usiitupe pamoja na vipeperushi vingine.

Mifuko hutolewa asubuhi ile ile, kwa kawaida kabla ya saa mbili, wala si usiku wa kuamkia siku hiyo. Chupa ya plastiki ya kinywaji huondolewa kifuniko, hubanduliwa karatasi ya nembo, husuuzwa na kupondwa. Magazeti na maboksi hufungwa kwa kamba. Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki au maandazi hayamwagwi kwenye sinki. Hufyonzwa kwa karatasi kuukuu au hugandishwa kwa unga maalumu unaouzwa dukani, kisha hutupwa na taka zinazoungua. Kwa kitanda au kabati utaipigia simu manispaa, upangiwe siku na ununue stika ya kulibandika. Runinga, friji, mashine ya kufulia na kiyoyozi haviwekwi kituoni hata kidogo, kwani tangu mwaka 2001 ipo sheria inayomtaka mtumiaji alipie kurejelezwa kwake. Na usiokote kitu kizuri ulichokiona kwenye kituo cha taka, maana katika miji mingi kuchukua taka zilizotolewa kwa ajili ya manispaa kumekatazwa.

Mfuko uliokosewa hauchukuliwi. Wazoaji huubandika karatasi yenye kutaja kosa na kuuacha peke yake pale kwenye wavu, kila apitaye auone. Hakuna atakayekugongea mlango siku ya kwanza, lakini jengo lenye mgeni mmoja likiwa na mfuko mmoja uliobaki, wote watafikiri ni wake hata kama si wake. Ndiyo maana nashauri sana kutoa taka mapema, wakati wazee wa mtaa wanapotoa zao, na kuwasalimu kwa «ohayo gozaimasu» na kuinamisha kichwa kidogo. Zaidi ya robo ya Wajapani wamepita umri wa miaka 65, na katika mitaa mingi wao ndio wanaokunja wavu na kufagia kituo baada ya gari kupita. Anayewaona wazee hao kila Jumanne na Ijumaa na kuwasaidia kukunja wavu huwa ameingia mtaani kwa mlango sahihi, na mara nyingi wao ndio watakaomwambia ratiba ikibadilika wakati wa mwaka mpya.

Unapohamia, gonga milango ya pande zote mbili na ya chini yako, ujitambulishe kwa sentensi mbili, utoe zawadi ndogo isiyozidi yeni elfu moja. Taulo au biskuti zinatosha. Mtanzania anayo bahati ya kuwa na kahawa ya Kilimanjaro, ambayo jina lake linajulikana sana Japani na huwa chanzo kizuri cha mazungumzo. Maliza ukiwa mlangoni, na usichukulie vibaya usipokaribishwa ndani, wala asipofungua mwanamke anayeishi peke yake. Kumtembelea mtu bila miadi ni jambo la kuepuka kabisa. Hodi yetu ya ghafla kule huleta taharuki.

Kuhusu kelele, chukulia kwamba ukuta ni karatasi. Baada ya saa tatu usiku usiwashe mashine ya kufulia, usiburute viti, na simu za nyumbani zenye vicheko vya watu sita zipigie ukiwa umekaa mbali na ukuta wa jirani, kwa sauti ya chini. Tofauti ya saa kati ya Japani na Afrika Mashariki ni saa sita, kwa hiyo jioni ya nyumbani ni usiku wa manane wa Japani. Wazoeze ndugu zako kuzungumza nawe mwishoni mwa wiki. Nyama choma usiifanyie kwenye roshani, kwa sababu moshi huingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa na majengo mengi yamekataza moto hapo.

Mitaa mingi ina chama cha wakazi, ambacho kinafanana kidogo na utaratibu wetu wa mjumbe wa nyumba kumi: kinatunza kituo cha taka, kinazungusha ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba, kinaandaa usafi wa pamoja na sherehe ya mtaa wakati wa kiangazi. Uanachama ni wa hiari na mchango ni mdogo. Jiunge. Saa moja ya kung'oa magugu na majirani siku ya Jumapili hufanya kazi ambayo miezi mingi ya kuinamiana kwenye ngazi haiwezi kuifanya.

Lugha

Mzungumzaji wa Kiswahili anaanza na faida asiyokuwa nayo Mwingereza: irabu zetu tano ni karibu sawa na zao, na silabi nyingi za Kijapani huishia kwa irabu kama zetu, hivyo matamshi yako yataeleweka mapema. Angalia tu urefu wa irabu, kwa kuwa «obasan» ni shangazi au mama wa makamo na «obaasan» ni bibi kizee, na mwanamke wa miaka 45 hatafurahi ukimrefushia. Hiragana na katakana zina herufi za msingi 46 kila moja, na mwezi mmoja wa bidii unatosha kuzijua zote. Usingoje kozi ndipo uanze. Redio ya NHK WORLD-JAPAN ina idhaa ya Kiswahili pamoja na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, na kumbi za jamii katika miji mingi zina madarasa ya watu wa kujitolea yanayotoza pesa kidogo au yasiyotoza kitu. Madarasa hayo ninayathamini kuliko programu za simu, kwani mwalimu wako huwa ni mama wa mtaani atakayekusomea pia barua ya manispaa.

Ukizidiwa ofisini, omba wazungumze «yasashii nihongo», yaani Kijapani chepesi. Mtindo huo ulibuniwa baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995, wakati wageni wengi waliposhindwa kuelewa matangazo ya uokoaji, na leo maofisa wengi wameufundishwa. Jifunze pia kusikia kukataa. Mjapani akivuta pumzi, akasema «chotto» na kuacha sentensi ikining'inia, amekwisha kukujibu hapana. Ukiendelea kumsukuma utamtesa.

Kazini na chuoni

Aliyelelewa kwa shikamoo hatashangazwa na wazo kwamba mkubwa husemeshwa kwa namna yake, hata kama sarufi ya heshima ya Kijapani itamchukua miaka. Kigumu zaidi ni saa. Kufika saa tatu kamili kwa kikao cha saa tatu ni kuchelewa. Fika dakika tano au kumi kabla. Ukiona hutawahi, piga simu kabla ya wakati wenyewe, kwa kuwa kule taarifa inayokuja mapema hupunguza kosa na inayokuja baadaye huongeza. Treni ikichelewa, mfanyakazi wa kituo hutoa karatasi ya uthibitisho, nayo mpelekee msimamizi wako. Mjulishe pia kazi imefikia wapi hata kama hakuna jipya, na tatizo liseme likiwa bado dogo. Mfanyakazi anayenyamaza huku akijaribu kulitatua peke yake, ambaye kwetu angesifiwa, kule humpa wasiwasi mkuu wake.

Vikao vya vinywaji baada ya kazi ni mahali watu hulegeza ndimi zao. Usiyekunywa pombe nenda hata hivyo, agiza chai baridi ya oolong, kaa saa moja na nusu, ushukuru na uage.

Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi bila kibali, ambacho anaweza kukiomba hata uwanjani wakati wa kuingia nchini. Kibali hicho humruhusu saa 28 kwa wiki, zikijumlishwa kazi zote alizo nazo, na hadi saa nane kwa siku katika likizo ndefu za chuo. Baa na kumbi za starehe za usiku zimekatazwa. Mwajiri anayekushawishi uzidishe saa hahatarishi viza yake, bali yako. Akikupunja mshahara, ofisi ya ukaguzi wa viwango vya kazi ya eneo lako humsikiliza kila mfanyakazi bila kujali uraia.

Chakula, ibada na mwili

Wali wa Kijapani hushikana na haufai kwa pilau, lakini mtaa wa Shin-Okubo jijini Tokyo una maduka ya halali yanayouza mchele mrefu, viungo, dengu, tui la kopo na nyama iliyochinjwa kisheria, na maduka ya namna hiyo huuza pia kwa njia ya posta. Mwislamu ajizoeze kusoma herufi za nguruwe na pombe kwenye pakiti, kwa sababu mafuta ya nguruwe hupatikana kwenye mchuzi wa tambi na hata mikate, na mvinyo wa kupikia huingia kwenye vyakula vingi visivyoonekana kuwa navyo. Msikiti wa Kobe umekuwepo tangu mwaka 1935, na msikiti mkubwa wa Tokyo, uliojengwa upya mwaka 2000, uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Mkatoliki atapata misa ya Kiingereza katika kanisa la Mtakatifu Ignasi huko Yotsuya. Kazini usiombe «ruhusa ya kuswali» kwa ujumla. Sema unahitaji dakika saba, saa fulani, na kona safi yenye utulivu, na uwezekano wa kukubaliwa huwa mkubwa. Anayetumia maji chooni atafarijika, kwani vyoo vingi vya Japani vina bomba la kusafishia.

Watoto wa wageni hupokelewa katika shule za umma bila ada mzazi akiomba. Kama mtoto hali nguruwe, zungumza na shule kabla ya muhula kuanza. Hutolewa orodha ya chakula cha mwezi mzima, na siku zisizofaa mzazi humfungia chakula cha nyumbani.

Tetemeko la ardhi

Hili usiliahirishe. Kabla ya kupanga vitabu, funga kabati kwenye ukuta na usiweke kitu kizito juu ya kichwa cha kitanda. Weka maji ya angalau siku tatu, lita tatu kwa kila mtu kwa siku, pamoja na tochi, dawa zako na nakala ya pasipoti. Simu ikilia mlio mkali wa tahadhari, ingia chini ya meza na uishike miguu yake, usikimbilie nje ambako vioo na vigae huanguka. Mtetemo ukikoma, zima jiko na ufungue mlango ili usijikute umefungiwa. Tetemeko kali hukata gesi yenyewe kwenye mita, na hurudishwa kwa kitufe kilichopo hapo. Ukiwa pwani, panda mlima au jengo refu mara moja bila kungoja tangazo. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliua maelfu ya watu katika pwani ya kaskazini mashariki.

Tembea mapema hadi kituo cha kukimbilia cha mtaa wako, ambacho aghalabu ni shule ya msingi, nacho humpokea yeyote. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, na 171 ni namba ya kuachia ujumbe wa sauti wakati laini za simu zinapozidiwa. Hudhuria zoezi la mtaa linalofanywa kila mwaka karibu na tarehe 1 Septemba, siku ya kumbukumbu ya tetemeko kuu la mwaka 1923.

Ukibaguliwa

Utaulizwa maswali juu ya nywele zako, kiti cha jirani yako kwenye treni kitabaki wazi siku nyingine, na polisi wanaweza kukusimamisha ukiwa kwenye baiskeli ili wahakiki namba yake ya usajili, ambayo kila mwenye baiskeli anatakiwa kuwa nayo. Onyesha kadi yako kwa utulivu na uulize sababu kwa adabu. Mengine hutokana na woga wa watu wasiojua wakusemeshe kwa lugha gani, na hayo hupungua mtaani kwako kadiri unavyozoeleka. Yaliyo dhuluma halisi usiyameze: ofisi za sheria za Wizara ya Sheria zina huduma ya ushauri wa haki za binadamu kwa lugha za kigeni, na kituo cha msaada kwa wakazi wa kigeni kilichopo Yotsuya, Tokyo, kilichofunguliwa mwaka 2020, hukusanya huduma za viza, kazi na sheria katika jengo moja. Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa siku ile ile.

Ukienda likizo nyumbani

Uwanjani, kwenye fomu ya kutoka nchini, tia alama kwenye kisanduku cha kurudi ndani ya mwaka mmoja na uonyeshe kadi ya ukaazi. Ukiisahau alama hiyo unaweza kupoteza hadhi yako ya ukaazi. Wataarifu wenzako kazini tarehe za kuondoka na kurudi, na ukabidhi kazi kwa maandishi. Mwambie jirani kwamba hutakuwepo, usimamishe barua kwenye ofisi ya posta, na utoe taka zote za jikoni kabla ya safari. Ukirudi, mletee kila mwenzako wa ofisini zawadi ndogo ya kuliwa iliyofungwa mojamoja, kama korosho au kahawa ya pakiti ndogo, na uhesabu vizuri ili asikose hata mmoja.